Warukaji wa Kalemie

"Kama ni shuka, kamba zote hizo za nini?" Marcelina, jirani, alifoka, mikono kiunoni. "Siwema, unafuga mwanajeshi uani kwako!"

"Nafuga mpangaji. Wewe unafuga umbea, mbona sikusemi?"

Alimjibu hivyo, lakini moyoni Siwema naye hakuwa na amani. Tangu vita vya Kongo vimvushe Jean ziwa kutoka Kalemie akapanga chumba kwake pale Buzebazeba, Kigoma, kila mvua ikikatika alianika kitambaa cheupe kikubwa kama turubai la harusi, kisha akakikunja midomo ikimcheza kama anayevuta uradi. Asubuhi hiyo Marcelina aligusa kamba moja tu, Jean akapiga ukelele na kukikunjua chote. Mtu asiye na siri hulinda kitambaa hivyo?

Makelele yalimleta Mzee Dismasi, mwenyekiti wa mtaa. Shikamoo ya Jean akaipokea juujuu.

"Kijana, hiyo ni parachuti. Nani kakudondosha huku? Sema kweli, la sivyo kesho uko kambi ya wakimbizi."

"Hakuna, mzee. Nimekuja na boti, nikitapika njia nzima."

Akaeleza. Kalemie walikuwa na klabu ya kuruka na parachuti: mwalimu, kinyozi, karani wa reli, na Heritier, fundi wa ndege, aliyeianzisha. Walianza kwa kuruka kutoka paa la ghala la pamba, wakiteguka vifundo. Baadaye wakaruka na ndege, wakatua ziwani, wavuvi wakawaopoa huku wakiwacheka. Siku moja Heritier alikunjiwa parachuti na mwenzake mwenye haraka.

"Haikufunguka. Tukamzika. Toka hapo kila mtu anakunja yake. Mkono usioagizwa ukigusa, unakunjua yote, unaanza upya. Vita vilipokuja tukatawanyika. Imebaki hii."

"Hadithi tamu," Marcelina akabeza. Hata Siwema aliiona tamu mno.

"Ikunje tuone," Dismasi akaamuru.

"Anahitajika mtu wa kunivutia kamba. Aliyegusa avute yeye."

Marcelina akavuta, uso umemvimba. Dismasi akapapasa kila upande kabla haujakunjwa, akitafuta bunduki. Akaambulia kidonge cha kufukuzia nondo. Jua likateremka kuelekea ziwani. Jean alikuwa anafunga pindo la mwisho Marcelina aliposema, "Kamba yako hii hapa imejisokota."

Jean akaja, akatazama. Kweli. Akashusha pumzi, akakunjua chote, akaanza tena mwanzo. Siwema akaona kwamba, pamoja na uchovu wote, hakuruka hata pindo moja.

Dismasi akajikuna kidevu. "Mwenye kutaka kutudanganya angeiacha hiyo kamba hivyohivyo. Kaa hapahapa, kijana. Ila macho yangu yako kwako."

Akaondoka. Marcelina akasugua viganja vilivyomwiva, akamtazama Jean kutoka juu hadi chini.

"Sijasema nimekuamini, sawa? Lakini umeshinda na njaa. Ingia kwangu ule, nina ugali na mgebuka wa ziwani. Na wewe Siwema, unakodoa nini? Njoo, kabla haujapoa."