Mgonjwa wa Arobaini na Moja

Usingizi ulinipitia leo mchana nikiwa nimeinamia ripoti ya majaribio ya dawa mpya ya homa, nikaota nipo mazishini kwa Bi Tusekile.

Bi Tusekile alikuwa mgonjwa wetu wa arobaini na moja. Alikufa siku ya tatu baada ya kumeza dawa. Kifo hicho kimoja kilikuwa kinaharibu jedwali zima la matokeo, kwa hiyo juzi nikaandika: amejitoa kwenye majaribio. Niliona aibu, lakini niliandika.

Waombolezaji wamechoka. Mwanawe, Ambakisye, ameegemea koleo.

"Tumemzika mara tatu, daktari," ananiambia. "Tukimaliza tu, anatoka."

"Pole sana, kaka. Anatoka kwa nini?"

"Muulize mwenyewe."

Bi Tusekile ameketi kwenye kiti cha plastiki, anajitoa udongo masikioni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huyu hapa amenikataza kulala."

Anamwonyesha Jedwali, jedwali letu lililogeuka mtu, aliyesimama kando ya kaburi na koti jeupe. Jedwali anakohoa kidogo. "Kisichoandikwa hakikutokea," anasema. "Mama huyu hakufa. Kanuni ndiyo hiyo."

Bi Tusekile anachomoa fomu yetu ya ridhaa kwenye sanda. "Kusoma sijui. Mlinisomea, nikaweka dole gumba. Sasa mmeandika nimejitoa. Basi acheni nijitoe kweli."

Analamba kidole, anaifuta alama yake ya wino wa zambarau. Kisha anaingia kaburini mwenyewe na kulala, na safari hii hatoki.

Hatupo tena makaburini. Tupo wodini, na kitandani nimelala mimi. Ambakisye bado ana koleo lake.

"Nafasi ya arobaini na moja haikai wazi," Jedwali anasema, akinikandamiza dole gumba kwenye wino. Ananimezesha kidonge. "Siku ya tatu tutajua kama ilikuwa bahati mbaya tu."

"Nitaandika alikufa," nasema. Naogopa sana. "Nitarekebisha sasa hivi."

"Ripoti imeshakwenda," Jedwali anasema.

Nikaamka. Bosi wangu, Dakta Mwaipaja, alikuwa mlangoni.

"Umechoka, bwana. Ripoti nimeshaituma. Jumatatu dawa inaanza kugawiwa mashuleni."

Alipoondoka nilifungua faili la Bi Tusekile. Alama ya dole gumba ipo, ila wino bado mbichi. Nimeilinganisha na kidole changu, mstari kwa mstari, na ni changu.

Leo ni Jumanne. Siku ya tatu ni keshokutwa.