Maji Yaliyochemshwa

Mume wangu Jamaludin alikuwa msemaji mpaka wateja wetu wa Kilosa wakawa wananunua sukari mbiombio ili wamkimbie. Tulipofunga duka na kumfuata binti yetu Kanada, maneno yakamkauka. Akawa anashinda dirishani, huku ghorofani kwetu Scarborough, akitazama mabasi. Ukimuuliza kama anataka chai, anatikisa kichwa tu. Niliogopa, sifichi. Nilimwona mume wangu anaondoka huku amekaa kitini.

Kwa hiyo siku ile, mwaka 2011, alipofungua kinywa na kusema, "Nataka samaki," nusura niangushe sufuria ya dengu.

"Wa kukaanga?"

"Wa kutazama. Wale wadogo wa mtoni."

Utotoni aliwavua Mto Mkondoa kwa mtandio wa mama yake, akachapwa kwa ajili hiyo.

Tasleem, binti yetu anayeishi mji wa jirani, Pickering, akaleta tangi la kioo, mchanga, mawe na chupa ya dawa ya kuondoa klorini ya maji ya bomba. Pampu ya hewa ilikuwa imekwisha dukani, ikabidi iagizwe. Jamaludin akapanga mawe mwenyewe. Jiwe moja alilihamisha huku na huko mpaka nikakereka. Kila asubuhi akawa anauliza, "Wamefika?" Neno moja tu, lakini kwetu lilikuwa sherehe. Tasleem akashindwa kuvumilia, akaamua kuleta samaki kabla ya pampu.

Kazi ya maji ilikuwa yangu. Sijawahi kumpa mgeni maji ya bomba yasiyochemshwa, na sikuona kwa nini samaki wawe tofauti. Usiku wa kuamkia siku yao niliyachemsha kwenye masufuria yangu ya pilau, nikayachuja kwa kitambaa cheupe, nikayafunika yasiingie vumbi. Asubuhi nikatia dawa, nikayamimina taratibu nisivuruge mchanga. Yaling'aa! Nikajisifu mbele ya Tasleem alipofika na samaki wake.

Tukawatia. Haukupita muda wote wakapanda juu, wakawa wanatweta kwa midomo wazi. Mmoja akalala ubavu.

Jamaludin akainuka. "Sughra, maji umeyachemsha?"

"Sasa? Niwape ya bomba waharishe?"

"Ukichemsha unatoa hewa! Hawa wamezoea maji yanayogonga mawe yakashika hewa. Na pampu hatuna."

Tangu tufike Kanada sikuwahi kusikia maneno mengi hivyo kutoka kwake, na yote ya kunigombeza. Akamtazama yule aliyelala ubavu, halafu akageuka kukitazama kiti chake cha dirishani. Nilijua akikaa pale safari hii hatainuka tena.

Nikashika jagi. Kila siku chai yake naipooza kwa kuimimina kutoka kikombe hiki hadi kile, mkono juu kabisa, mpaka ifanye povu. Nikachota maji kwenye tangi, nikainua jagi mpaka usawa wa kichwa changu, nikamimina. Nikachota tena. Maji yakaruka kila mahali.

"Mama, zulia!" Tasleem akapiga kelele.

"Zulia litakauka!"

Nilimimina mpaka bega likawaka moto. Nilikuwa karibu kulia nilipohisi jagi linachukuliwa.

"Juu zaidi," alisema Jamaludin. "Wewe unamwagilia mchicha?"

Akamimina yeye. Na huku anamimina, anasema: jinsi Mkondoa ulivyojaa masika, jinsi mtandio ulivyochanika, nani alimsemea kwa mama yake. Samaki wakaanza kushuka mmoja mmoja, wakajificha kati ya mawe. Yule wa ubavu alichelewa, lakini naye akashuka.

Tasleem alipomaliza kukausha zulia, baba yake alikuwa amefika kwenye kisa cha baiskeli ya mjomba wake iliyotumbukia mtoni. Kisa hicho nimekisikia mpaka naweza kukisimulia usingizini. Bega lilikuwa linaniuma, nguo zimelowa, na chakula hakijapikwa.

Nikavuta kiti, nikakaa karibu naye.

"Ehe," nikasema. "Halafu ikawaje?"