Karani Mlevi wa Isevya

Kwa watu wa Rehmat, posa huanzia kwenye damu, si kwenye sura. Mkwe huulizia kwanza kama ukoo una kichaa, ndipo anywe chai. Kwa hiyo Tajdin, mumewe, alipopata homa na kuanza kuwapimia wateja chumvi badala ya sukari, Rehmat hakumpeleka hospitali. Alimfungia stoo, nyuma ya duka lao la Isevya.

Madaktari wa London waliompandikiza Tajdin figo ya kaka yake walionya: dawa za kuilinda figo zinalegeza kinga ya mwili, kwa hiyo homa ikipanda au akili ikiyumba, mbio kwa daktari. Rehmat aliyakumbuka yote. Mficha maradhi kilio humuumbua. Hata methali hiyo aliijua, akaificha pamoja na mume. Alimwonea haya Tajdin, kisha akajionea haya mwenyewe.

Mzee Premji, asiyemjua Tajdin kwa sura, akafika kutoka Kigoma kumposea mwanawe binti yao, Parvin. Rehmat akamwambia mume yuko Ntalikwa, kwenye mkutano wa kijiji cha ujamaa. Miaka ile kila mtu alikuwa mkutanoni, nani angebisha?

"Rehmat!" sauti ikaita kutoka stoo.

"Nani huyo?" akauliza Premji.

"Karani wetu. Mlevi tu, usimjali mzee."

Sauti ikanyamaza. Baadaye madebe yakaanguka.

Premji ndiye aliyefungua mlango, akamkuta mtu amelowa mkojo, mwili unamtetemeka. "Hata mlevi ni mtoto wa mtu," akasema, akambeba mpaka garini, Rehmat nyuma yake.

Hospitalini, daktari wa zamu aliposikia ulevi aliagiza alazwe benchini mpaka pombe imtoke. Rehmat akamtazama Premji. Akinyamaza, mume atakufa pale. Akisema, posa ya Parvin imekwisha.

"Si mlevi," akasema, uso umemshuka. "Ni mume wangu. Ana figo ya kupandikizwa."

Daktari akageuka haraka. "Basi huenda ni virusi vimeingia kwenye ubongo. Ni nadra, ila huwapata watu kama yeye. Ameanza lini?"

"Juma lililopita."

Hakuna aliyemlaumu, na hilo lilimuuma zaidi. Daktari akamwinamia mgonjwa.

"Mzee, jina lako nani?"

Tajdin akamtafuta mkewe kwa macho, akamwona na mgeni kando yake.

"Karani," akajibu taratibu. "Mlevi tu. Usinijali."