Rubani Bado Yuko Mbali

Aliyebisha hodi sikumjua. Tangu nihamie jengo lile, hakuna aliyeugusa mlango wangu isipokuwa mwenye nyumba. Nilipofungua nilimkuta mama mtu mzima, utepe wa kupimia nguo ukimning'inia shingoni, kitabu kikiwa kwapani. Macho yake yalikuwa na ukungu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye unayesoma kwa sauti? Nakusikia ukutani. Nikadhani umeoa, kumbe unaongea na kuta!"

Nilicheka kwa aibu. Tangu nihitimu chuo nilikuwa nikijisomea barua zangu za kuomba kazi, ili chumba kisinyamaze mno.

Alikuwa fundi cherehani wa chumba cha pili. Siku hizi alishona mashuka tu, kwa kupapasa. Kitabu kilikuwa cha mwanawe, ambaye alimsomea hadi katikati, akakunja ukurasa, akasafiri nchi ya mbali kutafuta kazi. Sasa simu yake haikupatikana.

Nilitazama jalada: riwaya ya rubani aliyetumwa kwenye sayari ya mbali, huku mama yake akimwita kwa redio.

"Mama, sinema yake niliiona chuoni!"

"Anarudi?"

"Anarudi! Mama yake anampokea uwanjani. Ukumbi mzima tulilia."

Uso wake ulichanua. "Basi nisomee, nimsikie akirudi. Ila niahidi hutaruka hata mstari. Mwanangu akichoka alikuwa anaruka, akidhani sijui. Mimi fundi, bwana. Kitambaa kikipunjwa najua."

Nikaahidi.

Jioni hizo nilizisubiri tangu asubuhi, nikizunguka maofisini na bahasha yangu. Alikuja na kigoda chake. "Polepole, msomi, unasoma kama umefukuzwa na mbwa!" Kabla ya kuondoka alizibana kurasa zilizobaki kwa vidole viwili, akazipima unene kama kitambaa. Akifika kwake, cherehani yake ililia ng'ambo ya ukuta.

Alasiri moja upweke ulinizidi, nikafungua kitabu alichoniachia, nikakimbilia mwisho. Kitabuni rubani harudi. Mama anazeeka kando ya redio. Watu wa sinema walikuwa wamejitungia mwisho wao, nami nikampa mama wa watu tumaini la kuazima.

Ningeweza kumsimulia ule wa sinema, niliukumbuka wote. Nikisoma wa kitabu, huenda asibishe hodi tena, nami nirudi kwa kuta zangu.

Jioni akazibana kurasa. "Zimebaki nyembamba kama hariri, na mtoto bado yuko huko. Watamrudisha saa ngapi?"

"Mama, nilikosea. Kile nilichokuambia ni cha sinema. Kitabu..."

Mkono wake uliushika utepe shingoni. "Uliniahidi nini?"

"Nisiruke."

"Haya. Soma."

Nikasoma. Nilisoma rubani alipopotea, nilisoma majira yaliyopita, nilisoma mama akisafisha redio kila asubuhi na kuliita jina la mwanawe. Nilipojikwaa kwenye neno, niliirudia sentensi ile tangu mwanzo, nisije nikaipunja. Sikuthubutu kumtazama.

Nilipofika nukta ya mwisho alinyoosha vidole, akapapasa, akakuta jalada tu.

"Umesoma yote?"

"Yote, mama."

Alikichukua kitabu, akabeba kigoda chake, akatoka akiufuata ukuta kwa kiganja. Nikatega sikio. Jioni ile cherehani haikulia.