Anayepiga Dume Aoshe Matumbo

Sanna Appollis hakuwa amekunywa hata kahawa ya kwanza, na tayari alikuwa na hasira za kumtosha mtu mzima mpaka Krismasi.

Pikapu ya kwanza ilikuwa imerudi kutoka nyikani, sakitu, ule umande ulioganda, ingali nyeupe juu ya vichaka. Jakob, mdogo wake, aliirudisha kinyumenyume hadi mlangoni pa banda la kuchunia, akazima injini, kisha akabaki ndani akiukodolea macho usukani kana kwamba ndio kwanza anauona. Dereva aliyeleta habari njema hushuka mwenyewe. Sanna akafuta kisu kwenye aproni, akafunua turubai.

"Jakob."

"Dada, mimi dereva tu."

"Huyu nani?"

"Swala."

"Naona kuwa ni swala, sijasema ni kuku. Dume au jike?"

Jakob akajikuna chini ya kofia. "Dume."

"Na huyu?"

"Naye dume."

"Na huyo wa chini, aliyelala kama bwana harusi?"

"Huyo ndiye mkubwa wao. Gideon amempiga risasi moja na picha mpaka simu ikazimika."

Sanna alilirudisha turubai polepole, kama mtu anayemfunika maiti asiyempenda. Tangu juzi alikuwa amesema. Alisema wakati wa chakula cha jioni, alisema asubuhi akigawa kahawa, alimsemesha hata mgeni kutoka Ujerumani kwa ishara za mikono ambazo mwanamke wa kanisani hapaswi kuzijua. Majike. Pigeni majike. Na wawindaji wote waliitikia kwa vichwa, midomo imejaa mkate.

Jambo lenyewe halikuhitaji shule. Mvua ilikuwa imelipa kisogo shamba la Bitterkolk, na springboki, swala wale wa mgongo wa rangi ya mdalasini wanaoruka kama waliokanyaga kaa la moto, walikuwa wamezaana mpaka wakawa wengi kuliko majani. Vichaka vya nyika kame ya Karoo vilikuwa vimetafunwa hadi kwenye visiki. Na katika uwanda huohuo, upande wa chini, kondoo wa Sanna nao walitafuta majani hayohayo. Hao ndio waliokuwa benki yake, bima yake na pensheni yake, na msimu huo karibu wote walikuwa na mimba.

Oom Faan Lategan, mwenye shamba ambaye wote walimwita mjomba kwa Kiafrikana, alikuwa amesimama mlangoni pa jiko wiki iliyopita akikoroga kahawa isiyo na sukari, na Sanna alipoona anakoroga kisichohitaji kukorogwa, akajua kuna neno.

"Malisho hayawatoshi wote, Sanna," alisema. "Swala wakipungua kwenye msako huu, kondoo wako watabaki hadi mvua. Wasipopungua... Jumatatu itabidi uwatoe."

"Niwapeleke wapi, Oom Faan? Chumbani kwangu?"

Pa kuwapeleka hapakuwapo. Ukame ulikuwa kwa kila jirani, na kondoo mwenye mimba na mbavu nje, dalali humnunua kwa bei ya ngozi, tena akakuachia na maneno ya kukuonea huruma bure. Ndiyo maana kila dume aliyeshushwa asubuhi ile alimkwama Sanna kooni.

"Ukiua madume kumi," alimwambia Jakob wakimtundika bwana harusi kwenye kulabu, "yule mmoja aliyebaki atarithi wajane wote. Mwakani watoto ni walewale. Tumepunguza nini? Tumepunguza wivu tu."

"Nenda kawaambie wao."

"Nitawaambia."

Pikapu ya pili ilileta madume. Ya tatu ilileta madume na jike mmoja, na huyo jike, Jakob alikiri, alikuwa amepita mbele ya risasi ya mtu mwingine.

Sasa, kwenye misako ya huko kuna desturi. Saa sita mchana, watu wakirudi motoni karibu na bwawa, moto hugeuka mahakama. Aliyekosa shabaha, aliyeanguka kwenye pikapu, aliyesahau risasi nyumbani akaja na bunduki tupu kama fimbo ya kutembelea, wote hushitakiwa na kutozwa faini: funda la brandi yenye pilipili, au kuimba pambio kwa mguu mmoja. Hakimu huvaa kofia nyeusi ya kanisani ya marehemu mama yake Oom Faan, yenye unyoya wa mbuni. Na hukumu ya mahakama ya moto haina rufaa. Mtu anaweza kukataa amri ya polisi, akamkatalia mkewe, lakini akiikataa ile kofia hataalikwa tena shamba lolote mpaka wajukuu wake waote ndevu.

Miaka yote kofia ilikuwa ya Gideon Vermaak, jirani wa mashariki, kwa sababu moja tu: ndiye mwenye sauti kubwa. Mchana ule alikuwa ameshaiinua kichwani Sanna alipofika na karai la maini, kila pande limevingirishwa kwa utando wa mafuta, tayari kwa moto. Makaa yalikuwa mekundu. Wanaume walikuwa na njaa ya tangu alfajiri. Sanna akaliweka karai chini, akageuza ndoo, akaketi juu yake, na karai akalisukuma nyuma ya sketi zake.

"Anti Sanna," alisema Gideon, "maini."

"Kofia."

"Nini?"

"Maini hayapandi motoni mpaka kofia ikae hapa." Akajigonga kichwani.

Mchungaji Terblanche akacheka. Torsten, yule mgeni Mjerumani wa kutoka Bremen, aliyevaa suruali yenye mifuko mingi kuliko vitu alivyonavyo, naye akacheka kwa kumfuata mchungaji. Sanna hakucheka. Mafuta ya maini yalinukia hata yakiwa mabichi. Gideon akatazama makaa, akatazama karai, akavua kofia.

"Mshitakiwa wa kwanza," alisema Sanna, unyoya ukimtikisika juu ya jicho, "Gideon Vermaak. Tuliomba majike. Umeleta nini?"

"Jua lilikuwa machoni, Anti."

"Asubuhi jua liko wapi?"

"Mashariki."

"Na wewe ulielekea wapi?"

"Magharibi!" Jakob alipaza sauti kutoka kwenye pikapu, na watu wakaangua kicheko.

"Lilimzunguka Gideon kumtafuta machoni," alisema Sanna. "Una hatia. Mchungaji?"

Mchungaji alikohoa kile kikohozi cha kabla ya mahubiri. "Sanna, mimi sikumtafuta dume. Alijileta. Hata Abrahamu, tukumbuke, aliletewa dume kichakani."

"Abrahamu aliletewa mmoja. Wewe umeleta wanne. Ulikuwa na Isaka wangapi?"

Torsten hakungoja kuitwa. Alieleza, kwa Kiafrikana alichojifunza kwenye ndege, kwamba pembe za jike ni nyembamba mno, nyumbani kwake hawezi kuzitundika ukutani, marafiki watamcheka.

"Basi tundika matumbo," alisema Sanna. "Maana ndiyo utakayoyapata leo. Sikilizeni hukumu. Kuanzia sasa, anayepiga dume aoshe matumbo yake. Atayafungua mwenyewe, ataukung'uta uchafu mwenyewe, ataparua kichwa na miguu kwa maji ya moto mpaka nywele zitoke. Hapa, mbele za watu. Na Jakob atapiga picha, kwa kuwa mnapenda picha."

"Na wale wa asubuhi?" aliuliza Gideon kwa sauti iliyokuwa imepungua.

"Wa asubuhi wanawasubiri bandani. Kula kwanza. Ukishaingiza mikono mle hutatamani maini."

Kuosha matumbo ni kazi ambayo mwanaume wa huko huisifia sana ikiwa imepikwa. Saa ile ya baada ya chakula, kule bandani, Sanna aliiona dunia kama inavyopaswa kuwa: mchungaji amekunja mikono hadi kwenye viwiko, amelishika tumbo la swala kwa ncha za vidole kama mama mkwe anayembeba mjukuu aliyejinyea. Torsten alitoka nje mara mbili kuvuta hewa. Gideon, mwenye sauti ya tarumbeta, aliosha kimyakimya, uchafu wa kijani umemrukia hadi kwenye nyusi.

"Nyuma ya mkunjo huo bado," alisema Sanna.

"Nimeosha, Anti."

"Umeubembeleza. Osha."

Oom Faan peke yake hakuwa na cha kuosha. Hakuwa amepiga kitu asubuhi nzima, na mahakamani alikaa pembeni akila maini yake taratibu. Sanna aliliona hilo, akalipita. Mzee wa umri ule, alijisemea, baridi humshika vidole.

Msako wa alasiri ukaanza. Kutoka bandani Sanna alisikia wapanda farasi wakipiga kelele mbali kuwaswaga swala kuelekea kwenye bunduki, kisha magari, kisha akangoja mvua ya risasi. Ikaja moja. Kimya. Nyingine mbili. Kimya tena, kimya cha kuudhi. Pikapu ilipotokea ilikuwa inarukaruka kwenye mawe kama gari tupu, kwa sababu ilikuwa karibu tupu.

"Nini tena?" alifoka kabla Jakob hajasimamisha.

"Dada, hukumu imewaingia. Dume akipita wanafumba macho. Mchungaji amemwachia mmoja mwenye pembe kama madirisha ya kanisa, karibu alie."

"Vizuri. Na majike?"

"Hawapiti kwao."

"Wanapita wapi?"

Jakob akarudi kuukodolea macho usukani. "Kwenye mwanya wa kilimani. Kundi zima. Wanapita pale polepole, Dada, kama wanaokwenda dukani."

"Mwanya wa kilimani amekaa nani?"

Alilijua jibu kabla ya kumaliza swali. Alijitupa ndani ya pikapu na aproni yake ya damu, akaubamiza mlango hata kioo kikashuka chenyewe.

Oom Faan alikuwa nyuma ya ukuta mdogo wa mawe, anajimiminia kahawa kutoka kwenye chupa. Bunduki ilikuwa imelala juu ya koti lake, salama salimini, kama mtoto aliyelazwa mchana.

"Sanna? Nani anaangalia nyama?"

"Nyama gani?"

Mzee akanywa kahawa. Sanna akaketi kando yake juu ya jiwe bila kukaribishwa. Mbele yao mwanya ulikuwa mweupe kwa nyayo zilizoutimua mchanga.

"Oom Faan, ulisimama mlangoni kwangu ukasema swala wapungue."

"Nilisema."

"Ukawaita watu, wakaja na petroli zao. Nimemwoshesha mchungaji matumbo! Nitaingiaje kanisani Jumapili? Na wewe umekaa langoni unawahesabu majike wako, pita mama, pita shangazi."

"Wana mimba, Sanna."

"Wote wana mimba. Wangu pia wana mimba."

"Najua." Akazungusha kikombe. "Baba yangu alikuwa amewamaliza swala hapa. Hakubaki hata mmoja. Hawa, mama zao niliwaleta mimi na lori, wamefungwa vitambaa machoni. Mwaka wa kwanza nilikuwa nawapelekea majani kwa mikono yangu. Gideon anaona pembe. Mimi nikimwona jike namwona yule wa kwenye lori."

Sanna alikuwa amekuja na maneno mengi, tena yenye meno. Mengine aliyameza, hayakushuka vizuri.

"Watakula nini mwezi wa nane?" aliuliza.

Mzee akatazama ndani ya kikombe chake.

"Sikuulizi wangu. Nauliza hao wako. Mwezi wa nane mimi na Jakob ndio tutakaowaokota kando ya waya, mdomo umejaa mchanga, na mtoto tumboni. Tuliwaokota mwaka ule mwingine, ukakataa kutoka nje ya nyumba. Mimi nilitoka. Siwezi kukupigia risasi, Oom Faan. Shamba lako, kidole chako. Lakini usiniambie kuwa hiyo ni huruma. Hiyo ni kumwachia njaa kazi yako."

Upande wa mbali, kelele zilianza tena, vumbi likainuka. Oom Faan akamwaga kahawa iliyobaki juu ya mchanga. Akaivuta bunduki kutoka kwenye koti, akaweka kiwiko juu ya jiwe, na Sanna akaona kidole chenyewe hakitetemeki kwa baridi wala kwa uzee.

Walikuja kama walivyokuja mara zote, bila haraka, masikio mbele. Mzee akasema kitu kwa sauti ya chini ambacho Sanna hakukisikia, wala hakutaka kukisikia. Kisha akapiga. Jike wa mbele akaketi chini kama aliyekatwa kamba. Kundi likaruka, manyoya meupe yaliyofichika migongoni yakafunguka, likageuka, na kwa kuwa mwanya sasa ulikuwa umefungwa, likamiminika kwenye mstari wa wawindaji wengine. Hapo ndipo mvua ya risasi ilipokuja.

Wakawasaka hadi jua lilipogusa kilima. Oom Faan alipiga, akaweka risasi, akapiga. Kila mara kichwani, hakuna aliyeinuka. Hakumtazama Sanna, na Sanna alitazama pembeni.

Bandani kulabu zilijaa, zikafungwa kamba kwenye boriti, boriti nazo zikajaa. Majike tupu. Wanaume walikuwa wamenawa na kuingia ndani, huru kama ndege, maana alasiri yote hakuna aliyepiga dume hata kwa bahati mbaya. Na kwa kuwa hakuna mwenye hatia, matumbo yote yalikuwa yamelala sakafuni yakimsubiri hakimu.

Oom Faan alikuja akasimama mlangoni. Alizitazama kulabu, safu baada ya safu. Sanna alingoja. Mzee akaigusa kofia yake, akageuka kuondoka.

"Oom Faan!"

"Hm?"

"Na kondoo?"

"Kondoo gani?"

"Kondoo wangu! Jumatatu!"

Mzee alimtazama kwa mshangao wa kweli kabisa, kama mtu aliyeulizwa habari za nchi nyingine. "Kondoo wabaki, Sanna. Nani alisema waondoke?"

Akaenda zake taratibu kwenye taa za nyumba. Sanna akamgeukia mdogo wake kwenye kulabu.

"Jakob," alisema, "nishikie hiki kisu. Nisije nikakitumia."

"Nikishike mpaka lini?"

"Mpaka yule mzee aingie ndani. Kisha chukua cha kwako, na ndoo. Tunaosha."