Mama Mkwe na Nyuzi Zangu

Mimi ni dobi, na sipendi kufundishwa kazi. Nalisema hili mapema ili ujue hasira yangu ilitokea wapi. Mwaka wa kumi na moja huu nafua nguo za mtaa mzima, katika vyumba viwili na kibaraza, na sijawahi kupoteza hata soksi ya mtoto. Siri yangu ni uzi. Kila mteja ana uzi wake: kinyozi mwekundu, mwalimu mkuu zambarau, muuza vitunguu wa kijani wenye mafundo mawili. Nguo ikiingia naifunga uzi ndani ya kola au kiunoni. Ikitoka nasoma uzi, basi. Nguo yenyewe siitazami. Niitazame ya nini? Shati jeupe ni shati jeupe.

Wiki hiyo ya sikukuu mvua ilinyesha siku nne mfululizo, kana kwamba imelipwa na maadui zangu. Nguo zote ikabidi zianikwe ndani. Kamba zilikatiza kutoka dirishani hadi mlangoni, watoto wetu wawili wakawa wanatembea wameinama, na mke wangu anapika huku suruali za watu zikimpapasa usoni.

"Leo nimebusiwa na kaptula ya kinyozi mara tatu," aliniambia. "Wewe mwenye mke hujanibusu tangu mwezi uliopita."

Umeme nao ukaona usipitwe, ukakatika. Nikatoa pasi ya mkaa uvunguni na kupiga pasi siku mbili, usiku na mchana, hadi nikaanza kuziamkia nguo.

Sasa nikueleze kilichokuwa kinanikosesha raha kweli. Sikukuu tatu zilizopita sikuketi mezani na familia yangu. Kila mara kuna mteja mmoja, kuna shati moja, kuna "nakuja sasa hivi, anzeni." Hawakuanza hata siku moja. Walisubiri mpaka chakula kikapoa, watoto wakalala njaa ya makusudi, na mke wangu akala peke yake akiwa amenuna. Mwaka huu alinikalisha chini akaniambia taratibu. Akisema taratibu, ogopa.

"Mume wangu, mimi sitakusubiri tena. Saa saba mchana tunakula. Ukiwepo umekuwepo. Ukikosa, nitajua nimeolewa na pasi."

Niliapa. Niliapa kwa mikono yangu miwili, yenye malengelenge.

Katikati ya patashika hiyo akaja mama mkwe kula sikukuu kwetu. Ni mama mpole, ana miwani mikubwa kuliko uso, na namheshimu mpaka nasahau maneno. Tangu nimwoe binti yake, mazungumzo yetu ni haya: "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu." Kisha kila mmoja anatafuta pa kutazama. Tatizo lake ni moja tu: hawezi kukaa bure. Siku ya kwanza alifagia kibaraza. Siku ya pili alifagia kibaraza cha jirani.

Asubuhi ya sikukuu jua likatoka. Nguo sabini na tatu zilikuwa zimekauka, zimenyooshwa, zimepangwa juu ya kitanda chetu kama vitabu. Nikachomoka kwenda kununua mkaa wa kupikia, nikarudi napiga mluzi. Mama mkwe alikuwa ameketi kando ya kitanda, wembe mkononi, uso unang'aa kwa furaha.

"Mwanangu," akasema, na hapo nikajua kuna jambo, maana hakuwahi kuanza yeye. "Nimeona nguo za watu zina vinyuzi vinyuzi. Nikasema hapana, mkwe wangu asiaibike siku ya sikukuu. Nimevikata vyote. Hata kimoja sijabakiza."

Akanikabidhi donge la nyuzi, dogo, limeviringwa vizuri, lina rangi zote za wateja wangu.

Jamani. Utamgombezaje mama mkwe? Nikasema, "Ahsante sana, mama," nikatoka nyuma ya nyumba, nikaigombeza ndoo. Niliiambia ndoo ile maneno ambayo ndoo haijawahi kuambiwa. Niliiuliza imelelewa wapi. Mke wangu akanikuta hapo, akalitazama donge mkononi mwangu, akaelewa. Alishika mdomo. Nilidhani analia, kumbe anacheka.

"Saa ngapi sasa?" nikamuuliza.

"Saa tatu. Na wateja wako hao wanakuja."

Kweli, walikuwa wanakuja, tena wote kwa pamoja, wameoga, wamejipaka mafuta, wamevaa nguo za kushindia, wanataka za sikukuu. Sikuwa na la kufanya. Nikazitoa nguo zote nje, nikazitundika kwenye kamba za uani, nikapanda juu ya beseni na kutangaza: "Ndugu zangu, leo kila mtu atambue mwenyewe nguo yake!"

Weee! Ungedhani nimemwaga mtama mbele ya kuku. Kinyozi na mwalimu wa hesabu wakashika shati moja, huyu mkono huu, huyu mkono ule. Watu waliokuja na nguo kuukuu ghafla wakaanza kukumbuka kwamba zao zilikuwa mpya. Muuza vitunguu, ambaye mwaka mzima ananiletea fulana mbili, alikuwa amekumbatia koti la mtu la harusi na kusema analijua kwa moyo. Nikapiga kelele, hakuna aliyenisikia. Nikaliona jua linapanda, nikaiona saa saba inanijia, na nikahisi machozi. Sitaficha, machozi kabisa.

"Hebu niacheni nipite," ikasema sauti ndogo.

Mama mkwe. Alikuwa ameshajua alichokifanya, mwanawe alimweleza jikoni. Hakuniangalia. Alipita katikati ya watu, akalichukua lile shati la ugomvi, akaligeuza ndani nje.

"Nguo hizi nimezikagua moja moja asubuhi hii," akasema. "Hili mfuko wake umetobolewa na kalamu, umeshonwa, ukatobolewa tena. Mwenye kalamu ni nani?"

Kinyozi akaachia. Mwalimu wa hesabu akachukua shati lake, akasema na yeye alikuwa anakaribia kufikia jibu hilo.

Akashika suruali ya kijivu. "Hii imechakaa magotini, nyuma mpya kabisa. Mwenyewe hupiga magoti kila siku. Ama ni fundi vigae, ama ni mume mwenye makosa mengi."

Wakajitokeza wanaume wawili. Uwanja mzima ukaangua kicheko, na mke wa yule wa pili ndiye aliyecheka zaidi.

Likaja gauni la buluu, zuri ajabu, na wanawake wawili wanaliapia. Mama mkwe hakubishana nao. "Kila mmoja aingie ndani alijaribu, binti yangu atamfunga zipu." Mmoja wao akalitazama gauni, akajitazama, akasema, "Nimekumbuka, langu lilikuwa na maua." Koti la harusi alilitoa mikononi mwa muuza vitunguu bila hata kuuliza, akalinusa, akamtazama. "Wewe baba, nguo yako haiwezi kukosa kunukia vitunguu. Hili halinukii." Muuza vitunguu akacheka mwenyewe.

Basi ikawa ndiyo burudani ya sikukuu. Watu waliokwishapata nguo zao hawakuondoka, walikaa kwenye ukuta wangu kusikiliza. Mwalimu mkuu, mama ambaye hajawahi kutabasamu bila sababu za kiofisi, aliambiwa sketi yake imeliwa na kiti upande mmoja, akakiri mbele ya watu kwamba husinzia mikutanoni. Na mimi dobi, bingwa wa nyuzi, nilisimama juu ya beseni nikagundua kwamba miaka yote hiyo nilishika maisha ya watu mikononi na sikuwahi kuyasoma. Hasira iliisha. Nikajikuta nasema, kwa sauti, "Mama, wewe ni moto!" Akaziba uso kwa kiganja kwa haya.

Saa sita na dakika arobaini nguo ya mwisho ikaondoka. Nikanawa, nikakimbia, nikaketi mezani. Saa saba kamili! Kuku yupo, wali upo, watoto wapo, mama mkwe yupo. Mke wangu akanipakulia mwenyewe, paja na vijiko viwili vya mchuzi wa ziada. Nilinyoosha mkono. Nakumbuka kuufikisha kwenye sahani. Baada ya hapo sikumbuki kitu.

Nilipofumbua macho, shavu langu lilikuwa juu ya meza na punje za wali zimenigandia kwenye sikio. Jua lilikuwa limehamia dirisha la pili. Mama mkwe alikuwa kando yangu ananipungia nzi kwa mfuniko wa sufuria, taratibu, bila kuchoka. Watoto walikuwa wanacheza karata kwa kunong'ona. Na sahani zao zote zilikuwa zimejaa, zimefunikwa, hakuna aliyegusa.

"Saa ngapi?" nikauliza.

"Saa kumi," akasema mke wangu.

Nikazitazama sahani zile. "Lakini ulisema hutanisubiri tena."

"Sikukusubiri," akasema, akinipangusa wali sikioni. "Si ulikuwepo? Ulikuwepo tangu saa saba. Haya, watoto, naweni mikono, baba yenu ameamka."