Madoa ya Anaeli

Uvumi ulitoka Kikatiti, kwa wakwe: Anaeli ana tetekuwanga, harusi iahirishwe. Mama yake alikosa usingizi. Binti mzima, ila bibi harusi amewekwa ndani na wakwe hawaruhusiwi kumwona; angewaonyeshaje?

Mara mama wa bwana harusi akatokea na gunia la mshubiri wa kupaka ngozi. "Pole, mkwe. Tumeona picha yake kwenye kadi ya mwaliko."

Mama Anaeli akavaa miwani, akaitazama kadi. Kumbe picha ya mwanawe ilikuwa madoa matupu! Akaikimbiza mjini kwa Abdiel mchapaji.

"Shikamoo mama. Mashine hii ya kompyuta haina wino wa rangi ya maji ya kunde. Inapiga vitone vya rangi, jicho linavichanganya. Nimevipiga vikubwa mno."

"Vipunguze kabla sijakupunguza wewe!"

Akavifanya vidogo, akavitawanya. Uso ukatoka laini.

Kadi mpya zilipofika Kikatiti, mkwe alipiga vigelegele: "Mshubiri wangu umeponya!" Harusi ikabaki Jumamosi ileile iliyopangwa.

Wenye mabinti, epukeni haya:
Vitone vikubwa kwenye uso mdogo.
Kugawa kadi kabla ya kuvaa miwani.
Kubishana na mkwe aliyeleta dawa.